Boti ya Willy na Sona: Ugharamie Kipi, Lini

Ukifika kiwango cha 6 cha uvuvi katika gemu ya Stardew Valley, duka la mvuvi Willy linaanza kukutia tamaa. Fimbo ya Iridium ipo kwa dhahabu 7,500, na pamoja nayo kuna vifaa vya kufunga kwenye mshipi, kikiwemo Sonar Bobber, yaani chelezo chenye sona. Baadaye, ukishamaliza Community Center au njia ya Joja, Willy anakuandikia barua kuhusu boti yake mbovu iliyolala nyuma ya duka. Wachezaji wengi hukimbilia vyote viwili wakidhani pesa iko huko. Haiko huko. Kama shida yako ni dhahabu tu, sona na boti vinaweza kusubiri. Kama unataka kumaliza orodha ya samaki wote, sona itakufaa mahali pachache sana, na boti huna namna ya kuikwepa.

Tuanze na sona. Ililetwa na toleo la 1.6, ambalo kwenye simu lilifika Novemba 2024, kwa hiyo kama huioni, angalia kwanza kama gemu yako imesasishwa. Kazi yake ni moja. Samaki akinasa na kile kipimo cha kijani kikatokea, pembeni unaona kisanduku chenye picha ya samaki aliyeko kwenye ndoana. Basi. Haimwiti samaki, haimpunguzii nguvu, haimwongezei bei.

Gharama yake halisi iko kwenye nafasi inayochukua. Fimbo ya Iridium inabeba kifaa kimoja tu. Ukifunga sona, umeacha Trap Bobber, inayomchelewesha samaki kuponyoka anapotoka nje ya kipimo, na umeacha Cork Bobber, inayorefusha kipimo chenyewe. Chukua asubuhi ya kiangazi ufukweni, unamtafuta pweza, ambaye hupatikana saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Mshipi unatikisika, sona inakuonyesha pweza, halafu anaruka juu chini kwa kasi ambayo mkono wako haujaizoea. Unajua kabisa kuwa ni pweza, na unamtazama akiondoka. Kwa samaki wagumu namna hii, bora usijue ni nani ila uwe na Trap Bobber.

Tena toleo hilohilo la 1.6 limeleta mshindani wa sona: mashine ya Bait Maker. Unaitumbukizia samaki, inakutolea chambo cha samaki wa aina hiyo, na uwezekano wa kumpata mwenzake unapanda. Sona inakupa habari, chambo hiki kinakuletea samaki. Kasoro yake ni kwamba lazima uwe na samaki mmoja wa aina hiyo kwanza, na hapo ndipo sona inapopata kazi: kumtafuta yule ambaye hujawahi kumshika hata mara moja.

Mahali pazuri kuliko pote pa kuitumia ni nyambizi ya Night Market. Soko hilo huja ufukweni siku tatu tu kwa mwaka, tarehe 15 hadi 17 za majira ya baridi, na nyambizi inachukua watu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku kwa nauli ya dhahabu 1,000. Kule chini wapo Midnight Squid, Spook Fish na Blobfish. Muda ni mfupi, nauli umeshalipa. Sona ikikuonyesha jongoo bahari ambaye unaye tele nyumbani, mwachilie utupe tena. Ikikuonyesha Blobfish na hapohapo kisanduku cha hazina kikatokea, achana na hazina, baki na samaki. Uamuzi huo bila sona unaufanya kwa kubahatisha. Kila kifaa hudumu matumizi 20, hivyo beba cha akiba.

Ukishapata Advanced Iridium Rod, inayobeba vifaa viwili, mjadala huu unakwisha: funga sona na Trap Bobber pamoja.

Boti ina hesabu nzito zaidi. Ili itengenezwe, Willy anataka mbao ngumu 200, pau 5 za Iridium na betri 5. Ungeviuza vyote ungepata dhahabu 10,500, lakini jasho ndilo kubwa. Secret Forest inatoa mbao ngumu 12 kwa siku, na kuingia kwenyewe kunataka shoka la chuma cha pua, kwa hiyo ukitegemea msitu huo peke yake ni siku 17. Betri zinatoka kwenye vikinga radi. Vijenge mapema, kabla ya ngurumo za kiangazi.

Kisha kila safari ya Ginger Island, kisiwa ambako boti inakupeleka, ni dhahabu 1,000 kwenda, kurudi bure. Samaki wapya wa kisiwani ni watatu. Taa anauzwa dhahabu 180, Blue Discus 120, Lionfish 100. Maana yake, ukiacha nyongeza za taaluma, unaianza siku ukiwa na deni la taa sita. Sturgeon wa ziwa la mlimani ni dhahabu 200, na unamfuata kwa miguu. Lava Eel wa dhahabu 700 yupo kileleni mwa volkano kisiwani, kweli, lakini yupo pia ghorofa ya 100 ya mgodi, na lifti inakufikisha.

Faida ya boti kwa mvuvi ni nyingine. Kisiwani bunju na pweza wanapatikana majira yote. Na ukikusanya Golden Walnut 100 za kisiwani, mlango wa chumba cha Bwana Qi kilichoko hukohuko unafunguka, ambako unapata maarifa ya kutengeneza Magic Bait, chambo kinachokupa samaki wa majira yoyote, saa yoyote, hali ya hewa yoyote. Hicho ndicho kinachostahili mbao zako 200.

Safari za mwanzo, kabla hujafungua nyumba ya kisiwani kwa walnut 20, huna pa kulala huko. Panda boti ya kurudi mapema, uwe kitandani kabla ya saa nane usiku, la sivyo utazimia na kupoteza sehemu ya dhahabu yako.