Shule za Kanisa England: Dini Yao Hukaguliwaje?

Mzazi anayetafuta shule ya Kanisa huko England atakuta ripoti mbili za ukaguzi. Moja ni ya Ofsted, idara ya serikali inayoangalia masomo, nidhamu na usalama wa watoto. Nyingine inahusu maisha ya kidini ya shule. Ukaguzi huu wa pili una msingi wake katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 2005, nao unahusu shule za dini zinazogharimiwa na serikali.

Nani anakagua?

Shule za Kanisa Anglikana, ambazo ni zaidi ya 4,000, pamoja na za Methodisti, hukaguliwa kwa utaratibu uitwao SIAMS. Shule za Katoliki zina wakaguzi wao wa kitaifa, walioanza kazi mwaka 2022. Hao hupima mambo matatu: maisha na utume wa Kikatoliki, somo la dini, na ibada ya pamoja.

Nini kinatazamwa?

Tangu Septemba 2023, SIAMS haitoi tena alama kama “bora sana” au “nzuri”. Mkaguzi hutafuta majibu ya maswali sita: Je, dira ya Kikristo ya shule inawastawisha wanafunzi na watumishi? Inaonekana katika mtaala? Ibada ya pamoja inawajenga watu kiroho? Watu wanatendewa vema? Wanafunzi wanajifunza kutetea haki na kuwajibika? Somo la dini linafundishwa ipasavyo? Swali la saba, kuhusu ubora wa somo hilo, huulizwa katika shule ambazo Kanisa ndilo lenye usemi mkubwa zaidi. Mwishoni ripoti husema ama shule inaishi kulingana na msingi wake kama shule ya Kanisa, ama ina upungufu unaoweza kuizuia kufanya hivyo.

Shule inajipimaje?

Mwalimu mkuu na bodi ya shule wasisubiri mgeni aje kuwaeleza walivyo. Kazi huanza na dira: imetoka wapi katika mafundisho ya Kikristo, na kwa nini inawafaa watoto wa mtaa huu? Kisha utafutwe ushahidi. Msalaba ukumbini na aya ya Biblia ukutani havitoshi. Bodi iulize dira ilibadilisha uamuzi gani: mwanafunzi mkorofi alirekebishwaje kabla ya kufikiriwa kufukuzwa? Mtoto mwenye ulemavu alipewa nafasi gani? Bajeti ilipopungua, nani alilindwa? Mwalimu mgeni au aliyeelemewa anasaidiwaje?

Wanafunzi nao waulizwe, tena bila kufundishwa majibu. Wakikariri dira neno kwa neno lakini wakashindwa kutoa mfano hata mmoja wa namna inavyowagusa, bodi imepata jibu lake. Wajumbe wa bodi wanaoliwakilisha Kanisa wahudhurie ibada, wazungumze na mwalimu wa dini na waandike walichokiona, kizuri na kibaya. Dayosisi huwa na washauri wa elimu wanaoweza kusaidia.

Mzazi afanye nini?

Soma ripoti zote mbili kabla ya kuomba nafasi, kwa maana shule inaweza kufaulu hesabu na kusoma huku maisha yake ya kidini yakiwa jina tu. Kama wewe si Mkristo, fahamu kwamba shule nyingi za Kianglikana hupokea watoto wa dini zote, na ziko ambazo wanafunzi wake wengi ni Waislamu. Sheria inakuruhusu kumwondoa mwanao katika ibada ya pamoja au somo la dini. Mwandikie mwalimu mkuu.

Ukialikwa kujaza dodoso au kuzungumza na mkaguzi, sema unayoyajua kwa mfano halisi, si kwa sifa wala kwa lawama. Ripoti ikishatoka, iulize bodi imepanga kurekebisha nini na lini.