Kuifufua IBM Model M bila kuiharibu

Ukiipata, igeuze kwanza. Nyuma ya kibodi ya IBM Model M kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo. Ukikuta 1391401, umepata ile ya Kimarekani ya vitufe 101. Ndiyo iliyozagaa zaidi, na vipuri vyake havisumbui. Kwa mradi wa kwanza, chukua hiyo.

Kabla ya kulipa, itikise. Ukisikia vipunje vinacheza ndani, ujue vichwa vya riveti za plastiki zinazoshikanisha sahani za ndani vimekatika. Usiiache kwa sababu hiyo, omba upunguziwe. Kisha bonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja. Kila kimoja kinatakiwa kulia 'tak'. Kisicholia huenda springi yake imepinda au imekaa upande tu. Na kama unaagiza kwa posta, uliza nauli mapema: kibodi hii ina uzito wa kilo mbili hivi.

Ijaribu kabla hujaifungua. Nyingi zina plagi ya PS/2, ile ya duara yenye pini 6. Usihangaike na vile vichwa vya bei chee vinavyobadilisha umbo la plagi tu. Model M haielewi USB hata kidogo. Tafuta kigeuzi chenye chipu ndani. Tena kiwe imara, kwa sababu kibodi hizi hula umeme kuliko za sasa na vigeuzi vingine huzidiwa. Kama kompyuta yako bado ina tundu la PS/2, izime kabla ya kuchomeka.

Sasa usafi. Piga picha ya vitufe vilivyopangika, kisha ving'oe kwa kuvuta wima. Vitufe vikubwa kama Shift na Enter vina vipande vidogo vya plastiki vya kuvishikilia. Hudondoka kimya kimya, na ukikipoteza kimoja kitufe kitayumba daima. Viweke kwenye kikombe. Vitufe loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha vikauke usiku kucha. Plastiki yake ni PBT na maandishi yamepenya ndani, kwa hiyo sugua bila woga. Kibodi yenyewe usiitie maji: yakiingia kati ya karatasi za membreni hayatoki leo wala kesho. Tumia brashi kavu, halafu pamba yenye spiriti kidogo.

Kurudisha vitufe kuna ujanja wake. Simamisha kibodi wima, upande wa spacebar ukiwa juu. Hapo springi hukaa mahali pake. Sukuma kitufe, sikiliza mlio. Usiposikia, kitoe, inyooshe springi, rudia. Usilazimishe.

Kifuniko kinashikwa na skrubu nne ukingoni nyuma, ndani ya matundu marefu na membamba. Utahitaji spana boksi ya milimita 5.5 yenye kuta nyembamba. Ya kawaida haitaingia. Hii ndiyo zana pekee ambayo huenda huna, basi itafute kabla ya siku ya kazi. Ukifungua, vuta taratibu ile mikia bapa ya membreni kutoka kwenye saketi. Ikichanika, mradi umekuwa ghali.

Riveti tatu nne zikiwa zimekufa pembeni na kila kitufe bado kinalia, funga kibodi uendelee kuandika. Zikiwa nyingi, au safu nzima imelegea, fanya kazi kamili. Kata vichwa vilivyobaki kwa patasi kali na utenganishe sahani ya chuma na ile ya plastiki. Hapo vinyundo vidogo vyenye springi vitakuwa huru, kwa hiyo fanyia kazi juu ya trei. Toboa mahali pa kila riveti kwa keekee ya milimita 1.5 au 1.6. Keekee ya mkono ni bora kuliko ya umeme, ambayo huyeyusha plastiki na kuhama njia. Panga upya: vinyundo, mpira, membreni, chuma. Bana kwa klampu, kwa sababu sahani hizi zimepindwa makusudi. Kisha pitisha skrubu za M2 zenye urefu wa milimita 8 na nati zake, ukianza katikati kuelekea pembeni. Kaza kwa vidole viwili tu. Ukikaza sana, plastiki inapasuka.

Ukiwa umefika ndani, shughulikia mlio. Ule mwangwi wa chuma unaobaki baada ya 'tak' hutoka kwenye springi. Kata uzi wa kusafishia meno vipande vifupi na uingize kimoja ndani ya kila springi. Mlio unabaki, mwangwi unapungua. Jaribu vitufe vichache kwanza, maana wengine huupenda mwangwi huo, na sioni wanakosea wapi.

Mwisho ni waya. Ukijua kulehemu, unaweza kujitengenezea kigeuzi cha USB: chukua kibao kidogo cha Pro Micro chenye chipu ya ATmega32U4 na ukipakie programu ya QMK. Nyaya ni nne tu. Kwenye plagi ya PS/2, pini 1 ni data, 3 ni ardhi, 4 ni volti 5, na 5 ni saa. Hakikisha kwa mita kabla ya kulehemu, kwa sababu rangi za nyaya hudanganya. Kwa kuwa kibodi haina kitufe cha Windows, ipe Caps Lock kazi hiyo. Kifiche kibao ndani ya kasha kama nafasi inatosha, ila usikate kebo ya asili. Lehemu kwenye soketi ya PS/2 badala ya kebo yenyewe. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi atauliza kebo kabla ya kuuliza bei.