SOMO: MFANYAKAZI AKIUGUA AU AKIUMIA, FEDHA INATOKA MFUKO GANI?



Katika mkutano wa tawi letu mama mmoja mchuma chai alisimama nyuma kabisa akauliza hivi: "Mume wangu amelala nyumbani mwezi wa tatu sasa kwa ajili ya mgongo. Kodi tunalipa. Serikali inampa nini?" Watu wengine walicheka. Mzee mmoja akamjibu, "Mama, serikali ikupe nini, wewe si mtumishi wake." Mimi nilimwambia mama yule kwamba swali lake ni kubwa kuliko muda tuliokuwa nao, nami nitalijibu katika ukurasa huu.

Kwanza tuondoe kosa la yule mzee. Hata mfanyakazi ambaye mshahara wake haufikii kiwango cha kukatwa kodi analipa kodi kila anaponunua sabuni, sukari na vocha ya simu. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza fedha yake inafanya kazi gani.

Sasa shikeni jambo moja, maana somo lote linasimama juu yake. Mtu akiugua anahitaji fedha za namna mbili. Kuna fedha ya kumtibu, yaani daktari, dawa na kitanda. Na kuna fedha ya kula, yaani ile inayoshika nafasi ya mshahara wakati hawezi kufanya kazi. Watu huchanganya hizi mbili, na wanaotaka kutunyima hupenda zichanganywe. Ukiuliza habari ya fedha ya kula, unaonyeshwa zahanati.

Hapa Uganda serikali hutoa fedha ya kutibu. Mwezi Machi mwaka 2001 ada za matibabu zilifutwa katika vituo vya afya vya serikali, na wagonjwa waliokuwa wakifia nyumbani kwa kukosa ada walianza kuja. Hilo ni jema. Lakini kila mmoja wetu amewahi kuandikiwa dawa akaambiwa akanunue dukani. Mwaka huohuo wa 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Ahadi hiyo tuikumbuke kila bajeti inaposomwa. Muswada wa bima ya afya ya taifa nao Bunge liliupitisha mwaka 2021, lakini Rais hakuutia saini na haukuwa sheria.

Fedha ya kula ni habari nyingine. Kwa ugonjwa wa kawaida sheria imemwachia mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema hivi: mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mfululizo, akiugua, atalipwa mshahara kamili na marupurupu yake yote kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi atimize yote yaliyomo katika mkataba huo mpaka siku ya kuachana. Baada ya hapo hakuna mfuko wa serikali unaompokea. Anatoka mkononi mwa mwajiri anaangukia mkononi mwa mke wake, na kama alikuwa anakaa nyumba ya kambi, na nyumba inakwenda.

Ndivyo ilivyo kwa mume wa yule mama. Mgongo wake ni wa miaka kumi ya kubeba vikapu, lakini hakuna siku moja tunayoweza kuionyesha na kusema, hapa ndipo ulipovunjika. Ameingia mwezi wa tatu. Nilimwambia mama ukweli, na haukuwa mtamu.

Majirani zetu je? Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, kwa aliyetimiza miezi miwili kazini. Ni kidogo kuliko zetu, na ndiyo sababu vyama vya huko vinapigania siku zaidi katika mapatano yao na waajiri. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika muda wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Sheria huweka sakafu tu. Mapatano ya chama na mwajiri yanaweza kuinua juu ya hapo, kwa hiyo kabla hujalalamika kwamba sheria ni mbaya, muulize katibu wa tawi lako mapatano yenu yanasema nini. Wengi hawajawahi kuyaona.

Tuje kwenye ajali ya kazini. Hapa sheria ina nguvu zaidi, na ni vizuri kujua kwa nini. Ujerumani chini ya Bismarck, mwaka 1883, iliweka bima ya ugonjwa ambayo wafanyakazi walilipa theluthi mbili na waajiri theluthi moja. Mwaka uliofuata, 1884, ikaweka bima ya ajali za kazini, na hiyo wakalipa waajiri peke yao. Bismarck hakuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi hata kidogo. Lakini hata yeye alikubali kwamba mashine ni ya mwenye kiwanda na faida ni yake, basi gharama ya mkono uliokatwa na mashine hiyo haiwezi kuwa ya mwenye mkono.

Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi, ya mwaka 2000, inafuata wazo hilo. Ukiumia kwa ajali iliyotokana na kazi na ukashindwa kazi kwa angalau siku tatu mfululizo, mwajiri anawajibika. Anawajibika hata kama wewe mwenyewe ulizembea, na hili nyapara wengi hawalijui au hujifanya hawalijui. Ukiumia njiani ukienda kazini au ukirudi moja kwa moja, unahesabiwa uko kazini, ila itakubidi uonyeshe kwamba ulikuwa katika njia hiyo. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Anatakiwa pia awe na bima kwa ajili ya mambo haya.

Hesabu yake ni hii, chukueni kalamu. Mtu akifa kazini na kuacha wanaomtegemea, fidia ni mshahara wa miezi 60. Akilemaa moja kwa moja asiweze kazi yoyote, ni miezi 60 vilevile, na akihitaji mtu wa kumhudumia daima inaongezwa robo. Akilemaa sehemu tu, analipwa asilimia ya ile miezi 60 kwa kadiri ya kilema chake.

Tuseme mshahara ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mara 60 ni shilingi 9,000,000. Daktari akiandika kwamba ulemavu ni asilimia 15, fidia ni shilingi 1,350,000. Mwenzake mwenye mshahara wa 250,000 aliyepoteza vidole vilevile kwenye mashine ileile atapata 2,250,000. Vidole ni sawa, fedha si sawa. Kwa hiyo mshahara mdogo unakupunja mara mbili, siku ya mshahara na siku ya ajali. Kima cha chini kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na anayefikiri kwamba kima cha chini hakihusu fidia afanye hesabu hiyo mara 60 aone. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wanahesabu miezi 96 badala ya 60.

Nitawapa mfano ninaoujua. Katika kiwanda kimoja cha chai, ambacho sitakitaja, kijana alivutwa vidole na roli za kusagia majani. Nyapara mwenyewe alimpeleka hospitali kwa gari la kiwanda. Alipotoka aliletewa shilingi 200,000 na gunia la posho, na karatasi ya kutia kidole gumba, kile kilichobaki. Ilikuwa ya Kiingereza. Alikuja kwangu wiki ya saba akiwa amekwisha kuitia alama. Ilisema amepokea malipo yote na hana dai tena.

Je, mambo yalikuwa yamekwisha? Hapana. Sheria inataka taarifa ya ajali itolewe kwa mwajiri ndani ya mwezi mmoja, lakini kama mwajiri alikuwa anajua tayari, kuchelewa hakukuzuii, na gari la kiwanda lilikuwa ushahidi wa kutosha kwamba alijua. Mapatano ya fidia nayo hayana budi yapite kwa ofisa wa kazi, wala hayawezi kuwa chini ya kiasi cha sheria. Asiyejua kusoma lugha ya karatasi lazima asomewe na kuelezwa na ofisa huyo. Kijana hakusomewa na mtu. Tulikwenda wilayani mara nne. Mara mbili ofisa hakuwako, mara moja alikuwako ila hakuwa na mafuta ya pikipiki ya kufika kiwandani. Mwisho kijana alilipwa, baada ya miezi kumi na moja. Lakini ng'ombe wa baba yake alikuwa amekwisha kuuzwa mwezi wa tatu, na mdogo wake wa kike alikuwa ametolewa shule.

Sasa angalieni nani alilipa katika miezi ile kumi na moja. Kitanda cha hospitali na nyuzi za kushonea zilikuwa za serikali, yaani kodi yetu. Chakula kilikuwa ng'ombe wa mzee. Mwenye mashine alitoa shilingi 200,000 na posho. Watu husema serikali yetu haitumii fedha kwa wafanyakazi walioumia. Inatumia, ila inatumia mahali pa mwajiri asiyelipa, na haimwandikii deni. Hata yule ofisa asiye na mafuta ni namna ya kumsaidia mwajiri, kwa sababu sheria bila wa kuisimamia ni karatasi.

Hapa ndipo mfano wa Tanzania unafaa kusomwa kwa makini. Walikuwa na sheria ya zamani ya kikoloni inayofanana na yetu katika jambo kubwa, kwamba kila aliyeumia anagombana na mwajiri wake. Mwaka 2008 walitunga sheria mpya na mfuko wa fidia ukaanza kukusanya michango mwezi Julai 2015. Anayechanga ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Aliyeumia anadai kwa mfuko. Akiwa hawezi kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni kila mwezi.

Linganisheni. Kijana wa miaka 30 mwenye mshahara wa 150,000 amevunjika uti wa mgongo, hatafanya kazi tena. Kwa sheria yetu anapata 9,000,000 mara moja. Kwa asilimia 70 kila mwezi angepata 105,000. Fedha ya mkupuo inaonekana kubwa, na baada ya miaka saba na miezi miwili hivi pensheni imeipita. Huyo kijana bado ana miaka 37. Na ninyi mnajua kinachoipata milioni tisa nyumbani kwetu: mwezi wa kwanza inakuwa na wajomba wengi.

Wengine wataniuliza habari ya NSSF. Ndugu, ile ni akiba yako. Unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10, na ukilemaa usiweze kazi unachukua iliyomo na riba yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchanga hata akiwa na mfanyakazi mmoja, na mwanachama mlemavu aliyefikisha miaka 40 na michango ya miaka 10 anaweza kuchukua nusu mapema. Ni msaada, lakini unakula uzee wako mwenyewe. Fidia ya ajali ni deni la mwajiri mbali na hiyo, asikubali mtu kuambiwa achague moja.

Na ruzuku za serikali? Iko ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, na iko ruzuku maalumu ya walemavu, lakini hiyo hutolewa kwa vikundi vyenye mradi. Aliyekatwa mguu jana hana kikundi. Kenya wana mpango ambao kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali hupewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni fedha ya kula, nayo inatoka serikalini.

Vibarua pia wasikilize. Kibarua anayefanya kazi ya biashara ya mwajiri analindwa na sheria ya fidia, na kanuni za mwaka 2011 zinasema asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne bila mkataba wa maandishi. Tunza vipande vyako vya kazi na karatasi ya mizani. Siku ya ajali ndivyo vitakavyosema kwamba ulikuwako.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha masomo, majibu yaletwe kwa katibu wa tawi: Katika kiwanda au shamba lenu, nani ameona cheti cha bima ya ajali, na kinaisha lini? Aliyeumia mara ya mwisho alilipwa nini, na hesabu ya miezi 60 ilimpa haki ya nini? Je, tudai mfuko kama wa Tanzania, na kama tutaudai, nani asimamie fedha hiyo ili isiliwe? Hili la mwisho limetugawa hata sisi wa ofisini. Leteni majibu yaliyoandikwa, hata kwa penseli.