Gugu la Ziwani na Faradhi ya Wengi

Ama baad. Ndugu zetu wa pwani hutuuliza: ni nani aliyeliharibu Ziwa la Nyanza? Jawabu ni kwamba hapana wa kumtaja peke yake, na hilo ndilo somo letu.

Gugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini. Upande wetu lilionekana karibu na mwaka 1990, na mwaka 1998 lilifunika kiasi cha hekta 17,000 za maji ya Kenya, mitumbwi ikakwama. Nini kililinenepesha? Mkulima alitia mbolea shambani, mvua ikaichukua hata Mto Nyando; mtu wa mjini akamwaga maji machafu mtaroni; na mto wetu wa Nyamasaria nao ukapeleka fungu lake. Kila mmoja alitenda dogo, wala hakukusudia.

Na dawa ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1997 walitiwa ziwani fukusi, wadudu wasiofika urefu wa punje ya mchele. Mmoja hafui dafu; maelfu kwa maelfu, pamoja na mvua za El Niño na mawimbi, walilipunguza mno. (Wataalamu wangali wanabishana ni kipi kilichozidi.) Walakini mbolea haikukoma kushuka, na gugu likarejea.

Wanachuoni wetu waliijua hesabu hii walipoeleza faradhi ya kifaya: wakitenda baadhi, wengine huokoka, wakiacha wote, hupata dhambi kila aliyeweza. Watu huitaja kwenye maziko tu. Kwa rai yangu, mtaro wa mtaa umo humo.