Somo la Nyumbani: Furaha na Hasara za Kufuga Sungura



Katika kisiwa kidogo kama chetu cha Chole, ng'ombe ni taabu kumlisha, na mbuzi hali miche ya mwenyewe tu bali hata ya jirani. Ndiyo maana baadhi yenu mmeuliza juu ya sungura. Ni mnyama mdogo, hana kelele, hula majani, na mtoto wa shule aweza kumtunza. Lakini anayeanza kwa kuhesabu furaha peke yake hukata tamaa mapema. Basi tujifunze yote mawili.

1. Sungura huyu ni nani?

Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewashinda fisi na simba, si huyu wa bandani. Yule wa porini huzaa juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni upande wa Hispania na Ureno, ambako huchimba mashimo na kuzaa humo. Watoto wake huzaliwa uchi, wamefumba macho, hawajiwezi kwa lolote. Hapa ndipo hasara nyingi huanzia: mnyama wa shimo lenye giza na ubaridi tunamweka ndani ya kasha, juani.

2. Banda

Sungura hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa masikio yake na kwa kuhema. Joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika, nasi twajua jinsi kaskazi inavyochoma kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa hiyo:

(a) Weka banda kivulini, mahali penye upepo. Mwembe wafaa sana, lakini chagua ule ambao popo hawalali, maana kinyesi chao huchafua chakula na maji.
(b) Ezeka kwa makuti, si kwa bati.
(c) Inua banda kufika kiunoni, na simamisha miguu yake ndani ya makopo yenye maji ili siafu wasipande.
(d) Sakafu iwe na nafasi ndogo za kupitisha kinyesi na mkojo. Uchafu na unyevu huleta kuhara, nako kuhara huua watoto wengi walioachishwa ziwa, hasa wakati wa masika.
(e) Funga vizuri usiku. Paka na panya hawahitaji mlango mkubwa.

3. Chakula

Msingi ni nyasi. Zikate, uzianike kidogo zinyauke, ndipo uwape. Ukoka, mchicha na matembele wavipenda. Usiwape majani ya nyanya, wala kisamvu kibichi, kwa sababu kina sumu. Maji safi yawepo mchana na usiku. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, hivyo mpe vijiti vya kutafuna.

Ukimwona anakula kinyesi chake laini, usishtuke. Hiyo ni kawaida yake: chakula hupita tumboni mara mbili ili asipoteze nguvu iliyomo.

4. Kupandisha na kuzaa

Jike huwa tayari akiwa na umri wa miezi 5 au 6. Mpeleke yeye kwa dume, si dume kwake, maana jike hulinda banda lake kwa ukali. Andika tarehe. Mimba huchukua siku 31, pengine moja pungufu au zaidi. Siku ya 28 mwekee sanduku lenye nyasi kavu. Atajinyofoa manyoya ya kifuani na kuwatandikia watoto. Anayeona jambo hili kwa mara ya kwanza hulikumbuka, na hii ndiyo furaha ya kwanza ya ufugaji.

Watoto hufumbua macho karibu na siku ya 10. Wiki ya tatu huanza kutoka kiotani. Waachishe ziwa wakiwa na wiki 6, na kabla ya kufika miezi 3 tenganisha madume na majike.

5. Hasara na sababu zake

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Watu wengi humwona mama akikaa mbali na kiota, wakadhani amewatupa watoto. Sivyo. Hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku nzima, na kwa dakika chache. Tazama matumbo ya watoto: yakiwa ya mviringo, wameshiba. Yakinywea, mtafutie mama mwingine aliyezaa siku hizo hizo.

Mama akila watoto wake, usimwite mchawi. Huenda alikosa maji, au alishtuliwa na mbwa, au na watu waliokuja kutazama. Mwache atulie, na umpe nafasi ya pili.

Joto nalo huiba kimyakimya. Dume aliyechomwa na kaskazi aweza kupanda bila kutia mimba kwa muda wa wiki kadhaa. Kwa hiyo pandisha zaidi miezi ya baridi ya kusi, Juni hadi Septemba.

Tufanye hesabu. Jike akizaa mara 3 kwa mwaka, kila mara watoto 6, hao ni 18. Tuseme wanakufa 6, wanabaki 12. Anayepanga matumizi yake kwa 18 ataona ufugaji umemdanganya. Anayepanga kwa 12 atatulia.

6. Rafiki au kitoweo?

Hapa naomba wazazi msome polepole. Nimemwona mtoto wa hapa kijijini akirudi kutoka shule, akakuta banda tupu. Nyumbani akaambiwa sungura wake ametoroka. Jioni akaona ngozi imewambwa nyuma ya jiko. Hakulia. Aliacha tu kukata majani, na wale waliobaki hawakudumu. Hasara ile haikuletwa na kuhara wala siafu.

Basi, siku ya kwanza kabisa kaeni na watoto mkubaliane: huyu mama na huyu dume ni wa kubaki, nao mwaweza kuwapa majina. Watoto wao ni wa kula au kuuza. Siku ya kuchinja ikifika, mtoto aambiwe kweli. Mtoto akiaminiwa na kweli chungu, atakuamini nawe. Na mnyama achinjwe upesi bila kuteswa. Mithali 12:10 hutukumbusha kwamba uhai wa mnyama uko katika dhamana yetu.

7. Jirani na soko

Wengi wa jirani zetu ni Waislamu wa Sunni, na kwao sungura ni halali akichinjwa kwa sheria yao. Ukitaka kugawana nao nyama, mwombe mmoja wao achinje. Wasabato hawamli, kwa kufuata Walawi 11:6. Usimcheke mtu kwa hilo.

Kama wataka kuuza, tafuta mlaji kabla ya kuongeza mabanda. Mtu akikuuzia sungura wa bei kubwa kwa ahadi kwamba atanunua watoto wote watakaozaliwa, muulize swali moja: yeye atamwuzia nani? Asipojibu sawasawa, funga mkoba wako. Anza na majike mawili na dume mmoja asiye ndugu yao. Ugonjwa usioujua ukitokea, mtenge mgonjwa na umwulize mtaalamu wa mifugo Kilindoni. Usingoje hadi banda zima liugue, kwani toka kwetu ni kuvuka maji hadi Utende na kisha safari ya barabara.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini banda la makuti ni bora kuliko la bati hapa kwetu?
2. Jike amepandishwa tarehe 1 Juni. Sanduku liwekwe tarehe gani, na watoto watarajiwe lini?
3. Utajuaje kama watoto wananyonya?
4. Katika nyumba yenu, nani atakata majani siku ambayo mtoto ana homa?

Swali la nne lijibiwe kabla ya kununua sungura.