Dondoo Muhimu: Kutoka Eastlands Hadi Mbuga ya Nairobi

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Lango kuu liko Barabara ya Lang'ata. Kutoka Buruburu au Umoja hupandwa matatu mbili, ya kwanza hadi mjini.

Ndani ya mbuga huzungukwa kwa gari. Vyama na makanisa ya mtaani hukodi matatu nzima, na mpango huo hupunguza gharama. Asiye na gari aingie Safari Walk, kando ya lango hilo, ambako ujia wa mbao ulioinuliwa hupita kwenye kinamasi, nyika na msitu. Bongo, aina ya swala, huonekana huko.

Kila makazi yana wenyeji wake. Msitu wa magharibi una chui, ingawa kumwona ni bahati. Kwenye nyasi wazi hupatikana pundamilia, kongoni, simba na kifaru mweusi, ndovu hakuna. Migunga mirefu hufuata Mto Mbagathi, penye viboko: masikio mawili yanayochezacheza juu ya maji ndiyo dalili yao.

Alfajiri ndiyo saa bora. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika kwenye mabwawa. Mvua ikinyesha, wengi hutawanyika kusini kuelekea Kitengela.

Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, na mwananchi hubeba kitambulisho. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku tangu Juni 2020. Madirisha yafungwe penye nyani.