Irabu Moja, Chumvi Mbili: Sifa na Matumizi ya Seleniti ya Sodiamu

Utangulizi

Neno chumvi humjia msemaji wa kawaida akilini kwa sura moja tu: chembe nyeupe zinazokoleza mchuzi. Mwanakemia hulitumia neno lilo hilo kwa upana zaidi; kwake, chumvi ni zao la asidi kukutana na besi. Kwa hivyo zipo chumvi ambazo katu hazifai kuonjwa. Makala haya yanashughulikia mojawapo, yaani seleniti ya sodiamu. Yanadhamiria kueleza sifa na matumizi yake, na kuonyesha kwamba mwandishi wa Kiswahili anayelegeza jina au kipimo chake anaweza kumdhuru msomaji wake.

Jina

Elementi ya seleniamu iligunduliwa nchini Uswidi mwaka wa 1817 na Jöns Jacob Berzelius pamoja na Johan Gottlieb Gahn. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi. Seleniamu ikiungana na sodiamu na oksijeni huweza kuzaa chumvi mbili: moja ina atomu 3 za oksijeni (Na2SeO3), nyingine ina atomu 4 (Na2SeO4). Tunapendekeza ya kwanza iitwe seleniti na ya pili selenati, kwa mfano wa nitriti na nitrati. Kinachozitenga ni irabu moja tu, lakini irabu hiyo ndiyo inayobeba hesabu ya oksijeni. Aidha, ipo aina ya jasi yenye fuwele angavu ambayo nayo hupewa jina linalotokana na mwezi, ilhali haina seleniamu katika muundo wake. Ndiyo sababu inafaa jina litajwe kikamilifu: seleniti ya sodiamu.

Sifa

Chumvi hii ni yabisi nyeupe isiyo na rangi inapoyeyushwa. Huyeyuka kwa wepesi katika maji, na hupatikana pia katika umbo ambalo kila fungu lake limeshikana na molekuli 5 za maji. Hutengenezwa kwa kuchanganya dioksidi ya seleniamu na hidroksidi ya sodiamu. Mazao huwa chumvi yenyewe na maji. Sifa inayopaswa kukumbukwa kuliko zote ni kwamba ni sumu ikimezwa kupita kiasi.

Matumizi

Kwanza, hutumika viwandani katika utengenezaji wa kioo. Mchanga wa kutengenezea kioo huwa na chuma kidogo ambacho hukitia kioo rangi ya kijani. Seleniti huleta wekundu hafifu unaoufifisha ukijani huo, na kioo kikaonekana hakina rangi.

Pili, hutumika katika maabara. Mchuzi wa kuoteshea bakteria ukitiwa seleniti huzuia bakteria wengi wa utumbo huku ukiwaacha Salmonella wakue, na hivyo kurahisisha utambuzi wao.

Tatu, huongezwa katika lishe ya mifugo. Wanakondoo na ndama wanaokosa seleniamu hupatwa na ugonjwa unaoharibu misuli. Mwaka wa 1973 ilibainika kwamba seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kinachozilinda seli dhidi ya uharibifu wa kemikali zinazotokana na oksijeni.

Nne, imeokoa maisha ya watu. Nchini Uchina, katika maeneo ambayo udongo una seleniamu kidogo mno, watoto walikuwa wakiugua ugonjwa wa Keshan, unaodhoofisha misuli ya moyo. Katika jaribio lililofanywa jimboni Sichuan, mwaka wa 1974 watoto 4,510 walipewa vidonge vya seleniti ya sodiamu na 3,985 hawakupewa. Waliougua ni 10 katika kundi la kwanza na 54 katika la pili.

Je, irabu ina uzito gani hapa? Ufini iliamua mwaka wa 1984 kutia seleniamu katika mbolea ili kuinua kiwango chake katika chakula. Chumvi iliyoteuliwa ni selenati, si seleniti. Seleniti hunaswa kwa nguvu zaidi na udongo, hivyo mmea hupata kidogo. Selenati hubaki huru zaidi na kufyonzwa na mizizi. Mtafsiri anayebadilisha i na a humshauri mkulima atumie chumvi nyingine kabisa.

Kipimo

Marekani, mwaka wa 2000, wataalamu walipendekeza mtu mzima apate mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku, na asizidishe 400. Anayezidisha kwa muda mrefu hunyonyoka nywele, kucha zake huharibika na pumzi yake hunuka kama kitunguu saumu. Mwezi wa Aprili 2009, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa huko Florida baada ya kudungwa mchanganyiko uliozidishwa seleniamu. Kwa hivyo mikrogramu isiandikwe kamwe kuwa miligramu. Kosa hilo huzidisha kipimo mara 1,000.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba seleniti ya sodiamu ni lishe kwa kipimo kimoja na sumu kwa kingine. Mara nyingi tunajadili kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Kinaweza, lakini mbebaji ni mwandishi, na mzigo huu hauhitaji ufasaha pekee bali pia uangalifu wa kila irabu na kila tarakimu. Wanafunzi wa Kiswahili wanaoandaa maandishi ya maduka ya dawa na ya lishe ya mifugo wawashirikishe wenzao wa kemia kabla ya kuyachapisha.